Foku Fupi kwa Vidole Vinne

Mnaonijua mtasema Bi Zaituni ameanza tena. Naam, nimeanza tena, na leo hamtoki hapa mpaka nimalize. Nimeshika spana miaka thelathini na kitu kwenye kibanda kimoja hapa Majengo, ukitokea Gikomba, na nimeona mengi: moto, mafuriko, wezi wanaokuibia tairi huku wanakuamkia. Hayo yote niliyazoea. Lililonitoa roho ni foku moja ya baiskeli iliyorefuka vidole vinne mbele ya macho yangu, mchana kweupe, watu wakitazama. Mpaka leo nikiikumbuka chai hunipalia.

Kwa asiyejua, foku ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu. Kuna foku ya shoku, ambayo ndani ina springi na hubonyea ukipita kwenye shimo, na kuna foku ngumu, chuma kitupu, haibonyei hata ukiipiga rungu. Baiskeli za mlima, zile nyinyi mafundi vijana mnaziita mauntini, nyingi huja na shoku. Lakini shoku za bei ya chini zikishakula vumbi na matope ya mitaa yetu huanza kulia, kisha zinavuja mafuta, mwisho zinabaki mzigo wa bure. Basi mtu anakuja: "Mama Fundi, toa hii takataka, nitilie foku ngumu." Kazi ya nusu saa. Nani angedhani kwamba nusu saa hiyo inaweza kumvuruga mtu maisha yake?

Nilifunzwa kazi na Mjomba Salim, ndugu wa mama yangu, mtu mwembamba mwenye kikoi na fulana ya grisi, mkali kama pilipili mbuzi. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana. Siku moja nikamkuta anahangaika na spoku, macho yameanza kumwangusha, nikamshikia gurudumu. Kesho yake akaniita tena. Mama alilalamika sana kwamba mtoto wa kike akinuka grisi hataolewa. Niliolewa, alhamdulillahi, na marehemu mume wangu alikuwa akisema hiyo harufu ndiyo humjulisha kwamba nimerudi nyumbani.

Mjomba hakuwa na futi wala kitabu. Alikuwa na uzi wa fundi cherehani na vidole vyake. Na alikuwa na hasira, ambayo kwa kazi ile ni kifaa pia. Nakumbuka jamaa mmoja alileta foku ngumu ambayo shingo yake ilikuwa fupi, yaani lile bomba la juu linaloingia ndani ya fremu mpaka kwenye usukani. Kwa kuwa halikufika, akaenda kwa mtu wa kuchomelea akaungiwa kipande cha bomba. Alikuja anajivuna jinsi alivyookoa. Mjomba aliichukua foku, akaipiga mara moja kwenye ukingo wa jiwe la mtaro, na ile shingo ikakatika pale pale palipoungwa. Jamaa alibaki mdomo wazi. Mjomba akamrudishia vipande viwili, kila mkono kimoja, akamwambia, "Hii ingekatika ukiwa juu yake Jogoo Road, na nyuma yako kuna lori." Yule bwana aliketi kwenye kopo la rangi kwa muda mrefu kabla ya kuinuka. Nami nilishtuka zaidi yake, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeisifu ile kazi ya kuchomelea.

Basi hilo lishikeni: shingo haiungwi. Ikiwa ndefu, unakata kwa msumeno. Ikiwa fupi, unatafuta foku nyingine, kwisha. Na unene wake ulingane na tundu la fremu, maana siku hizi kuna fremu ambazo tundu la chini ni pana kuliko la juu, na kuna zile za zamani zilizo sawa juu na chini, na mtu anakuja na foku aliyoiona sokoni ikimetameta bila kupima chochote. Halafu angalia breki. Kama baiskeli yako ina breki za sahani, foku lazima iwe na masikio ya kufungia breki hiyo. Kama ni breki za kubana ringi, lazima iwe na vile vijiti viwili. Usiniambie utafunga kwa waya. Nimeona mtu aliyefunga kwa waya, na sitaki kuwasimulia meno yake yalipoishia.

Lakini hayo yote jicho huyaona. Lisiloonekana ni urefu. Foku hupimwa kutoka kwenye ekseli ya gurudumu kwenda juu mpaka pale gololi za chini zinapokaa, pale shingo inapoanza kuingia kwenye fremu. Fremu ya baiskeli ya mlima imekatwa kwa hesabu ya kuinuliwa mbele na shoku ndefu. Ukiiwekea foku ngumu iliyo fupi, baiskeli inainama kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Uzito wote unaenda mikononi, pedali zinakaribia ardhi, na usukani unakuwa na wazimu: unaugusa kidogo, wenyewe unakunja sana. Ukiiweka ndefu kupita kiasi nayo inainua pua, huwezi kupanda mlima. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba baiskeli ikisimama ukutani inaonekana nzuri tu.

Mjomba alikuwa na dawa yake. Hakupima foku ya shoku ikiwa imekaa bure. Alikuwa akimpandisha mwenye baiskeli juu yake, mkono mmoja ukutani, miguu juu ya pedali, shoku ikabonyea kidogo kwa uzito wake, ndipo anashusha uzi na kufunga fundo. "Urefu wa shoku ni ule wa ikiwa imebeba mtu," alikuwa akisema. Wateja waliona ni mbwembwe. Wengine walikuja na marafiki wacheke. Mimi nilifuata desturi hiyo kama sala, miaka na miaka baada ya yeye kufariki. Niliifuata vizuri sana. Hapo ndipo nilipoangukia pua.

Sasa niwaambie juu ya Achieng.

Achieng alikuwa msichana wa Kaloleni, baba yake mstaafu wa reli, miaka ishirini na miwili hivi, mwembamba kama kijiti cha mshikaki na mdomo usiopoa. Alikuwa amepata kazi kwenye karakana moja ndogo ya meno bandia, upande wa Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kupokea meno yaliyokwisha kutengenezwa na kuyapeleka kwa madaktari wa meno mjini, na kurudi na vipimo vya midomo ya watu. Bosi wake alimpa miezi mitatu ya majaribio na sharti moja, awe na baiskeli yake. Nyumbani ndiye pekee aliyekuwa na kazi. Kwa hiyo akaenda Gikomba kwenye baiskeli za mtumba, akachagua moja ya mlima, fremu safi kabisa, shoku mbele imeshika kutu.

Hizo baiskeli za mtumba mnazijua zinavyokuja. Zinapakiwa kwenye kontena zikiwa zimebanwa na kufungwa kamba moja juu ya nyingine, zinasafiri miezi baharini, kisha zinakaa ghalani. Nilijua hayo. Nilikuwa nikizifungua kamba kwa mikono yangu. Nilijua, na sikufikiri.

"Mathe, niaje," akaniambia siku alipokuja. "Hii kitu ya mbele haifanyi kazi. Nataka ngumu."

"Mathe ni mamako aliye Kaloleni," nikamjibu. "Mimi ni Bi Zaituni. Panda hapo ukutani nikupime."

Akacheka, akapanda. Nikatazama shoku. Haikubonyea hata unywele. Na mimi, fundi mkubwa, mwanafunzi wa Mjomba Salim, nikamwambia hivi, na nakumbuka kila neno: "We msichana hujala ugali? Huna hata uzito wa kuisogeza springi." Waliokuwa pale wakacheka. Yeye pia akacheka. Nikashusha uzi, nikafunga fundo, nikaingia kwenye lundo langu la vyuma na kutoa foku ngumu ya baiskeli ya mlima ya zamani, ya wakati ule shoku bado hazijaenea. Nikaipima na uzi. Ikaingia sawasawa, kama imezaliwa na ile fremu. Shingo sawa, vijiti vya breki sawa. Nikaikaza, nikampa, akazunguka hapo mbele ya kibanda kwenye sehemu iliyonyooka, akasema iko poa. Angejuaje? Hakuwahi kuiendesha kabla.

Zamani ningeijaribu mwenyewe. Lakini goti lilikuwa limeanza kunisumbua, nikawa nimeacha kujaribu baiskeli za wateja. Nilikuwa nasema mwenye baiskeli ndiye aijaribu. Msemo mzuri wa mvivu.

Wiki ya kwanza akaanguka. Alikuja na kiwiko kimechubuka, akaniuliza kama kuna kitu kimelegea. Nikakaza kila nati, nikazungusha gurudumu, nikaona kila kitu kiko imara. "Baiskeli haina kosa," nikamwambia. "Wewe ndiye unaiogopa. Baiskeli inamjua mwoga." Wiki ya tatu akaanguka tena, kwenye kona ya kuingia barabara kubwa, safari hii magoti yote mawili. Nikampa jina. Mimi na mdomo wangu. Nikamwita Mieleka. Akipita tu, "Mieleka huyo, sogezeni watoto." Watu wa pale kibandani wakalishika hilo jina, mpaka muuza mihogo akawa anamwita hivyo. Achieng alikuwa akiinua mkono na kucheka. Sasa nikikumbuka naona kicheko kilikuwa kinapungua kila mara, lakini wakati ule sikuwa natazama.

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya. Alikuwa anapinda kona taratibu, hakuna gari, hakuna mtu, pedali ikagonga chini na baiskeli ikamrusha. Alivunjika jino la mbele. Na lile boksi la meno likafunguka, na meno ya watu yakatawanyika barabarani. Seti moja ilikuwa ya mzee fulani aliyetakiwa kumtoa binti yake harusini Jumamosi hiyo. Waliosimulia walikufa kwa kicheko: msichana mbeba meno amepoteza la kwake. Nami nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Bosi wake hakucheka. Alimtoa kwenye baiskeli, akamweka nyuma kuosha vyombo vya plasta mpaka miezi mitatu iishe, kisha waagane.

Siku chache baadaye Achieng alikuja kibandani akiikokota baiskeli. Hakutania. Mdomo ule umefungwa kwa sababu ya pengo.

"Mama," akaniambia, na hiyo mama ilinishtua kwa sababu haikuwa mathe, "nunua hii. Nipatie chochote."

"Kwani imekuwaje?"

"Imenishinda. Si baiskeli, ni mimi. Kuna watu hawawezi tu. Hata budangu, mzee wangu, anasema niliwachwa nyuma hizo vitu za balansi tangu nikiwa mtoto." Akatazama chini. "Nimejaribu, wallahi. Nimekuwa nikiamka mapema nijifunze kona pale uwanjani kabla watu hawajaamka. Bado naanguka."

Mtu anayejifunza kona peke yake alfajiri si mwoga. Nikamwambia aketi, nikafunga buibui kiunoni, nikapanda ile baiskeli mwenyewe, goti na yote. Muuza mihogo akaanza kupiga makofi.

Penye kunyooka ilikuwa sawa. Kisha nikafika kwenye kona ya duka la mkaa, nikagusa usukani kidogo tu, na usukani ukajikunja wenyewe kwenda ndani, wote, kama kuna mtu ameuvuta. Mwili wangu ukaenda mbele. Ncha ya kiatu ikagonga gurudumu. Pedali ikakwaruza chini kwa sauti ile ninayoisikia mpaka leo. Sikuanguka kwa sababu nilikumbatia nguzo ya duka, mwanamke wa makamo na buibui, nguzo na baiskeli tumekuwa kitu kimoja. Muuza mihogo aliacha makofi.

Nilisimama pale nikihema. Miaka thelathini. Nilikuwa nimeendesha baiskeli za kila namna, zilizopinda, zilizovunjika, zisizo na breki, na hakuna hata moja iliyowahi kunifanyia hivyo. Achieng alikuwa amekimbia kuja kunishika, ananiambia pole, pole mama, si nilikuambia. Ananiambia pole mimi.

Nikarudi kibandani. Nikachimba kwenye lundo la vyuma nikaitoa ile shoku yake ya zamani, maana situpi kitu. Nikaibana kwenye jiriwa, nikaimwagia mafuta ya taa pale miguu ya chini inapoingia kwenye ya juu, nikangoja kidogo, nikachukua nyundo ya mbao nikaanza kugonga kuelekea chini. Mara ya kwanza haikutikisika. Mara ya pili, bado. Mara ya tatu kutu ikapasuka, na ile shoku ikaruka. Ilichomoka kwa mlio, miguu ya chini ikasogea mbali na ya juu, na ikasimama pale kwenye jiriwa ikitetemeka, ndefu, nzima, springi yake ina nguvu zake zote.

Nikaweka vidole vyangu pale ilipofunguka. Vinne.

Lahaula. Kumbe siku ile haikuwa imekataa kubonyea kwa sababu Achieng ni mwepesi. Ilikuwa imekwisha bonyea. Ilibanwa chini kule kwenye kontena, ikagandia humo kwa kutu, na mimi nikampima maiti nikadhani yuko hai. Mjomba Salim, kabla ya kumpandisha mteja, alikuwa akiegemea usukani kwa tumbo lake na kuuachilia, kila mara, na mimi miaka yote nilidhani anapumzisha mgongo. Alikuwa anatazama kama shoku inashuka na kurudi. Hakuwahi kunieleza, nami sikuwahi kuuliza. Kuuliza si ujinga, huambiwa watoto wote, lakini mimi nilikuwa na haya ya kuuliza jambo la mwaka wa kwanza nikiwa mwaka wa kumi. Nikachukua desturi yake nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na akili.

Achieng alikuwa anatazama ile shoku, anatazama uso wangu. "Mama, uko sawa? Umekuwa rangi ingine."

Nawaambia ukweli, kwa sekunde mbili tatu nilifikiria kudanganya. Ningeweza kusema kuna nati imelegea, nikambadilishia foku kimyakimya, akaenda zake, jina langu likabaki safi. Mafundi hufanya hivyo. Msiniangalie hivyo, na nyinyi mtafanya. Lakini alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kwa lile pengo, na nikashindwa.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilikutilia foku fupi. Nilipima shoku iliyokwama. Kila ulipoanguka, ni mimi nilikuangusha."

Nilitegemea matusi. Nilijiweka tayari hata kwa kofi, na lingekuwa haki yangu. Msichana yule akaja akaigusa ile shoku, akaibonyeza, ikashuka, ikarudi. Akaibonyeza tena. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma barua, "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

"Sikuwa naogopa."

"Hukuwa."

Akaketi kwenye kopo akalia, na kulia kwake kulinichanganya kwa sababu alikuwa anatabasamu. Mimi nilishindwa hata kumshika bega. Nilisimama na nyundo mkononi, watu wote kibandani wakitazama, wale wale waliomwita Mieleka.

Tulimtafutia foku mchana huo huo. Nilipima shoku ikiwa hai, nikatoa kidole kimoja kwa ajili ya kule kubonyea kwa uzito wa mtu, nikazunguka Gikomba nzima mpaka nikapata foku ngumu ndefu, ile iliyotengenezwa makusudi kwa fremu za shoku. Ukiitazama utaona pengo kubwa kati ya tairi na kichwa cha foku, na wajinga husema mbaya, haikutoshea. Pengo hilo ndilo zuri. Nikaifunga. Nikaijaribu mimi kwanza, kwenye kona ya duka la mkaa, mara mbili. Kisha yeye. Alipinda ile kona mkono mmoja.

Kesho yake nilifuatana naye mpaka karakana ya meno. Nilivaa buibui langu jipya. Nikamwambia bosi wake mbele ya wafanyakazi wote kwamba mimi ndiye niliyewaangushia meno yao barabarani, na nikaeleza kwa nini, na nikaonyesha kwa vidole. Yule bwana alinisikiliza bila kukatiza, maana kazi yake pia ni ya vipimo. Akaniuliza maswali mawili ya maana, kisha akamtazama Achieng na kumwambia achukue boksi. Hakuna hotuba. Meno yalikuwa yanangojwa mjini.

Nilidhani limekwisha. Nilikuwa nimefika getini, moyo mwepesi, nikijiona mtu wa haki, ndipo Achieng aliponipita na baiskeli, akafunga breki, akageuka.

"Mama, na wengine?"

"Wengine gani?"

"Wenye uliwatilia foku ngumu. Baiki zote za mtumba zinakuja zimefungwa hivyo, si ndio?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa, kisha akaenda zake. Mimi nilibaki pale getini, malori yanapita. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimefungua kontena ngapi? Nilikuwa nimewapandisha ukutani watu wangapi, nikasema wewe mwepesi, wewe hujala, nikafunga fundo? Na walioanguka, walioacha kuja, ambao nilidhani wamehama mtaa?

Niliwatafuta. Mwaka wangu wa mwisho wa kazi niliutumia hivyo zaidi ya kukaza nati. Nilizunguka Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati, nikiuliza nani ana mauntini yenye foku ngumu ya Bi Zaituni. Nyingi zilikuwa sawa, namshukuru Mungu. Chache hazikuwa sawa, na nilizibadilisha pale pale barabarani. Lakini kule Bahati nilimkuta mama mmoja anayefua, na baiskeli imening'inia ukutani nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia. Nikaijua foku yangu kabla sijalitoa gunia. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi.

"Alishaacha baiskeli siku nyingi," akaniambia, huku anakamua shati. "Alisema miguu yake si ya baiskeli. Sisi pia tulimwambia aache, tulichoka kumpeleka hospitali." Kijana mwenyewe alikuwa amehamia mbali na hakuwa akipiga simu sana. Nilibadilisha ile foku hata hivyo, nikaining'iniza tena.

Sasa nimefunga kibanda. Goti limeshinda. Vijana mnaniletea simu zenu, mnanionyesha urefu wa foku umeandikwa kwenye mtandao, na ni vizuri, simu inajua zaidi ya uzi. Lakini simu haijui kama shoku iliyo mbele yako iko hai. Iegemee kwa tumbo, ibonyeze, iachie, uitazame ikirudi. Isiporudi, usiipime. Na ukishafunga, panda mwenyewe, goti au bila goti, utafute kona.

Na mteja akirudi kukuambia ameanguka, usimpe jina.

Lililobaki si la mafundi. Kama uliwahi kuleta baiskeli ya mlima kwa mwanamke mmoja Majengo, akakupandisha ukutani na kukuchekesha, akakutilia foku ngumu, halafu ukaanguka, ukaanguka tena, ukaambiwa hujui kuendesha mpaka ukaamini, uliza nyumba ya Bi Zaituni, watakuonyesha. Njoo na hiyo baiskeli, au njoo bila hiyo. Hukuwa wewe.